Ratiba za mashindano ya mashua ziwafikirie na watoto wa shule za serikali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wapenzi wa mchezo wa mashua za tanga katika pwani yetu hulipita juu juu, nalo ni ratiba ya msimu. Klabu za mchezo huu hupanga mwaka wao mapema: mfululizo wa mashindano ya wakubwa, siku za vijana, mafunzo ya watoto wakati wa likizo, na mwishoni vikombe hugawiwa. Sina ugomvi na vikombe. Hoja yangu ni kwamba ratiba nyingi nilizopata kuziona zimefuata kalenda ya shule za kimataifa, ambazo hufunga mwaka katikati ya mwaka wetu na kupumzika Julai na Agosti, ilhali mtoto wa shule ya msingi ya serikali huanza mwaka Januari na kuumaliza Desemba, na katika wiki nyingi za mafunzo hayo yumo darasani akiandika hesabu.

Wapo watakaosema kwamba mtoto aliyekosa siku mbili tatu ataungana na wenzake baadaye. Anayesema hivyo hajatazama namna msimu unavyohesabiwa. Katika mbio za mashua, anayemaliza wa kwanza hupata pointi moja, wa pili mbili, na kuendelea hivyo, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye bingwa. Asiyetokea huandikiwa pointi sawa na idadi ya walioandikishwa, na moja juu yake. Zikiwa mashua 15, kukosa mbio moja ni pointi 16. Ni kweli kwamba kanuni huruhusu kufutwa kwa matokeo mabaya machache, lakini mtoto aliyekosa nusu ya msimu, hata akishinda kila mbio anazoingia, ameshafungiwa mlango na hesabu kabla hajagusa maji.

Sasa nieleze ninachopendekeza. Kwa utaratibu tuliouzoea Tanzania, watahiniwa wa darasa la saba hufanya mtihani wao wa taifa mwezi Septemba, kisha hukaa nyumbani mpaka kidato cha kwanza kifunguliwe Januari. Nimefundisha darasa hilo kwa miaka mingi katika shule iliyo karibu na ufuo, na ninajua muda huo unakokwenda: wavulana huonekana mnadani wakibeba ndoo za samaki, wasichana hupelekwa kwa shangazi kulea. Wengi wao wana miaka 13 au 14, nao ni umri wa mashua ndogo iitwayo Optimist, ambayo kimataifa hushindaniwa na watoto wasiozidi miaka 15.

Na bahari nayo inakubaliana na miezi hiyo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, hukaza Juni na Julai, ndiyo miezi ambayo watoto wageni wa mchezo hutiwa majini kwa sababu tu likizo yao imefika, na matokeo yake wengine hupinduka siku ya kwanza na hawarudi tena. Kuanzia Septemba upepo hulegea, Oktoba na Novemba bahari hutulia kati ya misimu miwili, hata mwanafunzi anaweza kukosea bila kuadhibiwa, kisha kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huingia Desemba, wakati shule zote zimefungwa. Mafunzo yaanze demani, yaani miezi hiyo ya utulivu, na mashindano ya watoto yafanyike kaskazi inapoanza. Mvua za vuli zitaharibu asubuhi moja moja, tumezizoea.

Jambo la pili ni maji. Siku za vijana hupangwa Jumamosi kwa kuwa ni Jumamosi, bila mtu kutazama mwezi. Hapa Bagamoyo, kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani hii, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hupwa na kujaa sana, saa nne asubuhi maji yamekwisha kutoka, na mashua ya kilo 35 itaburutwa na watoto wawili juu ya tope na majani ya baharini hadi mbali, mmoja wao akichomwa na miba ya urumbu, mnyama mdogo wa baharini, kabla hata tanga halijapandishwa. Ukichagua Jumamosi ya maji mafu, yaani yasiyopwa wala kujaa sana, saa hiyo hiyo maji yamejaa ufuoni na mkondo ni hafifu. Mvuvi yeyote angewaambia hivyo bila malipo, kama angeulizwa.

Wavuvi hao ndio wazazi wa watoto ninaowasema. Mtoto aliyekulia kwenye ngalawa ameshajua kufua maji yaliyoingia chomboni, kushika demani, ile kamba ya kuongozea tanga, na kukaa upande wa joshini, yaani unakotoka upepo, ili chombo kisilale. Kitakachomshangaza katika Optimist ni wepesi wa kubisha, yaani kugeuza chombo dhidi ya upepo: hakuna foromali, ule mti unaobeba tanga, ya kuzungushwa mlingotini, ni kuinama tu na kusukuma usukani, na tanga linahamia lenyewe upande wa pili. Hahitaji kuanza moja.

Kuhusu gharama, ifahamike kwamba Optimist ilibuniwa mwaka 1947 huko Clearwater, Florida, na fundi Clark Mills, makusudi iwe chombo rahisi cha plaiwudi kwa ajili ya watoto wa mji ule. Mafundi wetu wanaounda mashua kwa tezo na msumeno wa mkono hawatashindwa na sanduku la mita 2.3. Msumbiji, yenye ufuo kama sisi, ilimpeleka binti yake Deizy Nhaquile kushindana katika mbio za mashua za tanga kwenye Olimpiki ya Tokyo na baadaye ile ya Paris mwaka 2024.

Nikitaja binti, niseme wazi kwamba wazazi wengi wa pwani hawatamruhusu binti yao wasipohakikishiwa mambo matatu: afundishwe kwanza kuogelea na mwalimu mwanamke, aruhusiwe kuvaa suruali, fulana ya mikono mirefu na mtandio uliofungwa vizuri chini ya jaketi okozi, na muda wa mafunzo usigongane na chuo cha Kurani. Hili la chuo linawahusu wavulana pia, kwa kuwa madrasa nyingi husomesha mwisho wa wiki, na mpangaji wa ratiba asiyezungumza na maustadhi atasubiri watoto ambao hawatatokea. Ramadhani nayo hutangulia siku kama 11 kila mwaka, hivyo haiwezi kunakiliwa kutoka ratiba ya mwaka jana.

Ninawaomba maofisa michezo wa wilaya za pwani wawaite viongozi wa klabu kabla ratiba ya msimu ujao haijachapishwa, wakiwa na kalenda ya mihula ya wizara na jedwali la maji kupwa na kujaa, na wamkaribishe walau nahodha mmoja wa ngalawa katika kikao hicho. Wakubali pia kwamba mbio za Desemba za watoto zihesabiwe kuwa mfululizo unaojitegemea, wenye kikombe chake.

Mwalimu mstaafu,
Bagamoyo