Kitabu Nilichokikuta Kibuye

Kisumu,
Jumapili jioni

Mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, ila joto la wiki hii halituachi hata usiku. Habari za Nakuru? Na mguu wa mama unaendeleaje?

Uliniuliza kwenye simu kama ule ugonjwa wangu wa vitabu vikuukuu umepona. Haujapona. Leo asubuhi pale sokoni Kibuye, chini ya rundo la vitabu vya hesabu, nilikuta Not Yet Uhuru ya Jaramogi Oginga Odinga, ndani imeandikwa 1967. Mikono ilinitetemeka. Nikajifanya sijali, nikauliza kwanza bei ya kitabu kingine, si unazijua mbinu zangu. Tukaelewana shilingi mia tano. Kufika nyumbani nikavaa miwani: chini ya ule mwaka pana kijistari kinachosema kimechapwa tena, yaani si chapa ya kwanza. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini.

Kosa ni langu. Jalada laini lenyewe lingenitosha kujua, maana chapa ya kwanza ilitoka London na jalada gumu. Lakini mwaka umewalaghai wengi kabla yangu. Leviathan, kile kitabu cha siasa cha Mwingereza Thomas Hobbes, ina matoleo matatu yaliyoandikwa 1651, na mawili kati yake yalichapwa baadaye. Watu huyatambua kwa pambo la ukurasa wa jina: lenye kichwa ndilo la kwanza, lenye dubu ni la kuja nyuma.

Unakumbuka tukiwa chuoni nilivyoapa kwamba siku moja nitamiliki The Wealth of Nations ya Adam Smith, ile ya 1776? Juzuu mbili, wakati huo ziliuzwa pauni 1 na shilingi 16. Leo hata niuze ploti ya Mamboleo sifiki. Nimewaachia wenye nacho, pamoja na Das Kapital ya Marx, ile ya Hamburg ya 1867.

Mimi nataka ugomvi wa nyumbani, wa Mboya na Jaramogi. Freedom and After ya Tom Mboya niliyo nayo ni ya 1963, mwaka wenyewe wa uhuru, na ukiisoma unaona mtu ambaye bado ana imani kwamba mambo yatapangika. Jaramogi anaandika baada ya kujiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966, na dibaji kaandikiwa na Nkrumah. Nimeviweka bega kwa bega kwenye rafu, vinatazamana kama mashemeji waliokosana kwenye matanga. Aliyekuwa na kile cha Mboya kabla yangu ameandika pembeni kwa penseli, "Sikubali," mara tatu. Wauzaji wa ng'ambo wangesema kitabu kimeharibiwa. Mimi ningeongeza bei kwa ajili ya hizo "Sikubali".

Adui yangu mkubwa ni unyevu. Nilikosea kuvifunga kwa nailoni, vikatoka jasho humo ndani na ukungu ukaingia. Sasa rafu iko mbali na ukuta, na asubuhi kukiwa kukavu navifungua vipate hewa. Mende je? Hao tunaishi nao.

Sasa ndugu yangu, ombi. Baba mkwe wako alikuwa karani wa serikali hapo Nakuru, na uliwahi kuniambia lile sanduku lake la bati halijafunguliwa tangu tumzike. Natafuta Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ule wa ujamaa wa Kiafrika, Mboya akiwa waziri wa mipango. Ni kijitabu tu kilichochapwa na serikali, ndiyo maana watu walikitupa. Omba ruhusa kwa mama mkwe kwanza, na mpelekee sukari. Ukikiona, usikibandike selotepu hata kama kimechanika, na usikitume kwa matatu. Nitapanda basi nije mwenyewe.

Nisalimie Mama Neema na watoto.

Ni mimi wako,
Omosh