Malalamiko: Mlibadilisha raki ya stelingi bila kupima, na kasoro haikuwa kwenye raki

Iringa
14 Machi 2024

Meneja wa Huduma,
Idara ya Gereji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: RAKI YA STELINGI ILIYOBADILISHWA BILA KUPIMWA – TOYOTA MARK II (JZX100) YA MWAKA 1998

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 22 Januari mwaka huu nilileta gari langu gerejini kwenu kwa sababu usukani ulikuwa mzito na pawa stelingi ilikuwa inalia. Mkabadilisha raki (kifaa kinachopokea mzunguko wa usukani na kuyageuza matairi ya mbele), nami nikalipa Sh 600,000: raki ya mtumba kutoka Japani Sh 450,000, ufundi Sh 120,000 na oili Sh 30,000. Wiki haijaisha, mlio ukarudi vilevile, na uzito ukafuata. Nadai fedha zangu, na nataka mjue kwa undani kwa nini nazidai, maana sioni kama kuna mtu kwenu aliyekaa na kulifikiria tatizo hili.

Dalili nilizieleza zote mapokezi na ziliandikwa kwenye fomu ambayo nakala yake ninayo. Usukani ulikuwa mzito zaidi gari likiwa sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, hasa wakati wa kuegesha. Ukikanyaga mafuta kidogo, unalainika. Ukikata kona pampu ya stelingi, ile inayosukuma oili kwenda kwenye raki, inalia, na sauti inapanda kadiri injini inavyozunguka kwa kasi. Chini ya gari hapakuwa na tone la oili. Fundi anayesoma maneno hayo kwa makini anaelekea kwenye pampu na kwenye kila kinachoilisha pampu kabla hajagusa raki. Pampu inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo sauti inayopanda na kushuka pamoja na injini inaanzia huko. Raki haizunguki na injini.

Jibu nililopewa ni kwamba magari ya zamani huwa yanakufa raki. Hakuna aliyeinua matairi ya mbele na kuzungusha usukani injini ikiwa imezimwa, kuona kama uzito unatoka kwenye bolijointi au jointi za fimbo ya usukani. Hakuna aliyefunga geji ya presha. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kesi kati ya pampu na raki: geji yenye koki inafungwa kwenye njia ya presha, kati ya pampu na raki. Koki ikifungwa kwa sekunde chache na presha isifike kiwango cha mtengenezaji, tatizo liko upande wa pampu. Ikifika, kisha koki ikafunguliwa, usukani ukakatwa hadi mwisho na presha ikaanguka, basi raki inavuja kwa ndani. Ni kazi ya muda mfupi, na kwa gereji yenye ukubwa wa yenu, kutokuwa na geji hiyo au kutoitumia ni jambo lisiloeleweka.

Nilipokuwa narudi nyumbani kwa gari hilo hilo, nilipanda Kitonga nikiwa nyuma ya foleni ya malori. Wote tunaoitumia barabara ile tunajua kona zake, na tunajua malori yanavyopanda taratibu. Hapo ndipo usukani ulipokuwa unakuwa mzito ghafla, katikati ya kona, kisha unaachia, kisha unakuwa mzito tena. Nilikuwa na watoto wangu kwenye gari. Hili linaniuma kuliko laki sita, kwa sababu mlinikabidhi ufunguo na kuniambia gari liko salama kwa safari.

Nilipowapigia simu, mshauri wenu wa huduma alisema, bila kuliona gari, kwamba sasa itakuwa pampu, na bei yake ni Sh 380,000 bila ufundi. Nilikataa.

Fundi mmoja hapa Iringa, mwenye gereji ya kawaida chini ya mwembe, alianza kwa kupima upepo wa matairi ya mbele. Kisha akafungua mfuniko wa chupa ya oili ya stelingi injini ikiwa inaunguruma. Oili, ambayo ilipaswa kuwa nyekundu na angavu, ilikuwa na povu la rangi ya pinki. Alipozima injini, oili ikapanda kwenye chupa. Akaniambia hapo hapo kuwa mfumo unavuta hewa, na hewa ikiingia kwenye pampu, pampu inalia na kukosa nguvu. Akaukagua mkanda na tensheni yake. Kwenye injini hii mkanda ni mmoja na ndio unaozungusha altaneta, na hakukuwa na dalili ya kuteleza. Akachomoa mipira miwili midogo ya hewa inayotoka kwenye vali iliyo kwenye pampu kwenda kwenye injini. Vali hiyo ikichoka, oili hunyonywa na kuungua ndani ya injini, gari likatoa moshi mweupe huku mwenye gari akishangaa oili inaishia wapi. Mipira ilikuwa mikavu, akairudisha.

Kasoro aliikuta kwenye hozi nene inayoteremsha oili kutoka kwenye chupa kwenda kwenye pampu. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka kwenye shingo, chini ya klampu. Haikuwa inavuja kwa sababu upande huo pampu inafyonza: injini ikiwaka, hewa inaingia badala ya oili kutoka. Alipaka oili nzito kuzunguka shingo ile, na mlio ukapungua papo hapo tukiwa tunasikiliza. Mpira uliokaa kwenye joto la injini kwa zaidi ya miaka 25 ndio wa kushukiwa mwanzo kabisa, na ninyi mliufungua na kuufunga tena mlipobadilisha oili.

Aliweka hozi mpya na klampu, akasafisha chujio lililoko chini ya chupa, akajaza oili mpya ya ATF (ile ya giaboksi ya otomatiki, inayotumika pia kwenye stelingi), akainua gari mbele na kuzungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa mpaka hewa ikaisha. Jumla Sh 45,000. Stelingi sasa ni laini na kimya, ingawa ameniambia pampu iliyozungushwa na povu kwa muda mrefu inalika, na huenda nikaibadilisha mapema kuliko ilivyostahili. Muda huo mwingi umetokana na ninyi.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe Sh 600,000 zote, pamoja na Sh 45,000 nilizolipa hapa. Raki yangu ya asili, ambayo sikukabidhiwa wala kuonyeshwa, nirudishiwe. Kama imeshauzwa au kutupwa, nielezwe kwa maandishi na nilipwe thamani yake. Nataka pia jibu la maandishi linaloeleza ni kipimo gani kilichowafanya muamue raki imekufa. Kama hakukuwa na kipimo, andikeni hivyo.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Gari liko tayari kukaguliwa na fundi wenu yeyote hapa Iringa, nami nikiwepo, na hozi ya zamani nimeihifadhi aione.

Nimeambatanisha nakala ya stakabadhi yenu, fomu ya mapokezi yenye dalili nilizozieleza, stakabadhi ya fundi wa Iringa, na picha za hozi iliyopasuka.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Mteja, Mark II nyeupe, Iringa