Ndimu usoni halafu utoke juani? Hapana jamani

Mhariri, assalaam alaykum.

Mie si mtu wa kuandika barua magazetini, mara ya mwisho kuandika kitu kirefu ilikuwa insha ya skuli, lakini ule ukurasa wenu wa urembo wa Jumamosi iliyopita umenikalisha kitako. Mmetoa maski ya uso ya kujitengenezea nyumbani, ndimu nzima ikamuliwe, manjano kijiko, asali kidogo, upake asubuhi dakika ishirini halafu ukoshe uende zako kazini, uso utang'ara. Uende zako kazini! Yaani upande daladala ukalie upande wa jua mpaka Mwanakwerekwe, ukishuka utembee tena kwa miguu, na uso umetoka kuoga ndimu. Mie nshafanya hivo, na nnayo ya kusema.

Mwaka juzi nilikwenda kwetu Wete msimu wa karafuu, na ndani ya msimu huohuo mtoto wa dada yangu anaolewa. Sasa harusi ya kwetu mnaijua, khaloo huwezi kwenda na uso umechoka kama umetoka kuchota maji, basi nikaona klipu kwenye simu, dada mmoja ngozi kama kioo anachanganya hivohivo ndimu na manjano na asali, nikasema hivi vyote si vimo jikoni, nitapoteza nini. Asubuhi baada ya chai nikajipaka. Mume wangu kanikuta nimekaa uso manjano tupu akauliza una nini, nikamwambia naweka maski, akasema kwani korona imerudi?

Nikakosha kwa maji matupu, shingo hata sikuikumbuka, nikatoka uwanjani kusaidia kuanika. Aliyekulia Pemba anajua kazi ile, majamvi yamejaa karafuu, unazigeuza, jicho moja liko kwenye mawingu, likitanda tu mnaanua mbio na watoto mnawapigia kelele, jua likitoka mnaanika upya, na siku ile jua lilikuwa jua kweli. Nilikaa nje mpaka adhuhuri na mtandio nimeutupa begani kwa joto.

Siku ile sikuona kitu. Ya pili yake usiku ndo nikaanza kuhisi moto kama nimemwagiwa uji, kupambazuka malengelenge, na yamejipanga michirizi, kutoka shavuni yanashuka shingoni vilevile yale maji ya ndimu yalivyotiririka, na mgongo wa mkono niliokamulia nao una madoa. Dada yangu akashika kikombe cha maji akaanza kunisomea, kwake yeye nimetiwa jicho kwa sababu ya harusi. Hospitali sasa, muuguzi kanitazama mara moja tu akaniuliza, "Mama, ulikuwa unakamua ndimu?" Wallahi nilidhani mganga yule.

Kanieleza vizuri sana na ndo maneno nnayotaka myachape. Ndimu ina vitu ndani yake, khasa kwenye ganda, vikibaki kwenye ngozi halafu vikapigwa na jua basi ngozi inaungua, na hii si aleji kusema fulani ana ngozi laini na fulani ana ngozi ngumu, inaweza kumpata yeyote, hata mtu aliyekaa juani anakamulia watu juisi. Na haitoki papohapo, inachukua siku moja au mbili, ndo maana watu wanaungua halafu wanalaumu sabuni au samaki waliokula jana. Juu ya hilo ndimu yenyewe ni kali, kipimo chake cha asidi kiko kwenye 2 na ngozi ya uso kawaida iko kwenye 5 hivi, na namba ikiwa ndogo ndo asidi kali zaidi, kwa hiyo hata ukijipaka usiku bado unaichokoza ngozi bure. Malengelenge yalipona baada ya wiki mbili lakini yale madoa meusi yalikaa miezi, na picha za harusi zote mie nimejifunika mtandio mpaka kidevuni kama nina baridi.

Najua kuna watakaosema bibi zetu walijipaka manjano na singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, na hawakuungua. Kweli, na mie nililifikiria hilo wiki nzima nikiwa nimelala na uso unawaka. Bibi yangu alikuwa akiwatengeneza maharusi, liwa, ule mti wa kunukia, anaisaga mwenyewe kwenye jiwe kwa marashi ya mawaridi, anatia asumini, mrehani, langilangi, kila nyumba na mkono wake, lakini ndimu sikumbuki kuiona hata siku moja. Na kikubwa zaidi, mwali akisingwa alikuwa ndani! Anawekwa ndani siku kadhaa, hatoki hata kuanika nguo, akichungulia dirishani somo, yule mama anayemfunda, anamkemea. Tulikuwa tunadhani ni haya tu na ada za kizamani, kumbe ngozi iliyosuguliwa inapumzishwa isipigwe na jua. Sisi tumechukua kusinga tukaacha kukaa ndani, tunajisugua saa moja asubuhi saa mbili tuko kituoni.

Sisemi maski ni mbaya, mie mpaka leo naweka. Zile za karatasi za Korea mwanangu ananiletea, unaweka robo saa, dakika ishirini basi, unatoa, si kulala nayo mpaka alfajiri ukaamka imekukauka usoni kama bandeji. Za udongo wiki mara moja zinatosha na mbili kwa mwenye mafuta mengi, na ukoshe ingali na unyevu, ukisubiri mpaka uso unapasukapasuka kama bonde la mpunga wakati wa kiangazi umeshachelewa, imekukausha. Ila wasichana wetu saivi wanaweka kila siku, leo udongo kesho makaa keshokutwa dawa ya meno, halafu losheni ya jua hawana, wanakwambia ghali. Pesa ya maski tano ungenunua losheni hiyo moja, yenye kipimo cha kukinga jua (SPF) cha 30, ukatulia.

Na hizi maski za kupima kwa kijiko madukani na za kwenye status za WhatsApp, vichupa havina lebo, havina tarehe, ukimuuliza muuzaji mna nini humu anakwambia "asilia tupu." Ndimu si asilia? Upupu si asilia? Tena zile za kung'arisha kwa siku tatu ndo za kuogopa khasa, vitu vya kung'arisha upesi ndo huwa vinatiwa zebaki au haidrokwinoni, dawa ya kuchubua ngozi, zebaki inaingia mwilini inaharibu figo na mwenye mimba inamfikia mtoto, Tanzania imo kwenye mkataba wa kimataifa wa Minamata unaokataza vipodozi vyenye zebaki, na haidrokwinoni ukiizoea miaka uso badala ya kung'ara unaota weusi wa kama buluu usiotoka. Mwenye shaka na chupa aipeleke Wakala wa Chakula na Dawa wa Zanzibar, vipodozi ni kazi yao pia.

Halafu kuna jambo linanichoma roho, hili nalitia tu maana nimeshashika kalamu. Mwani unalimwa Paje, unalimwa Jambiani kule Unguja, na huku kwetu Pemba ndo usiseme, tangu 1989 akina mama wako majini na maji ya chumvi, wanauza mkavu kwa kilo bei ya kusikitisha, unakwenda ng'ambo, unatolewa ule utelezi wake unatiwa kwenye krimu na maski, halafu sisi tunanunua pakti ya kigeni kwa bei ya kuku mzima. Wapo akina mama hapahapa wanaotengeneza sabuni na skrabu za mwani na wanaandika vilivyomo, nendeni mkawapige picha hao muwaweke kwenye ukurasa wenu. Na muandike ukweli, mwani unashika maji ngozi ikawa laini, haumgeuzi mtu mweupe.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu, Jumamosi hii kwenye pahala palepale na kwa herufi zilezile kubwa mlizoandikia "uso utang'ara," waambieni wasomaji ndimu waitoe. Manjano na asali wakitaka wabaki navyo, wapake usiku, wajaribu kwanza kidogo kwenye mkono wangoje siku moja mbili. Na aliyekwisha kupaka akoshe kwa sabuni, shingo na mikono asisahau, na leo akae ndani. Msimu wa karafuu ukifika mie nna kofia ya ukili pana kama ungo, dada yangu ananicheka, lakini hata yeye ndimu saivi anakamulia mchuzi tu.

Mama wa Wete,
Pemba