Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuwavuta Vijana Kwenye Gofu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ilishughulikia zaidi suala la wachezaji vijana. Msimamo wetu ni kwamba klabu irekebishe kwanza utaratibu wa kuingia uwanjani, ndipo inunue mitambo.

Kijana aliyezoea kumaliza shughuli zake kwenye simu hatasubiri ofisi ifunguliwe ndipo aulizie nafasi. Mfumo wa mtandaoni uoneshe nafasi zilizo wazi, upokee malipo na umruhusu kufuta. Tatizo kubwa huwa ni daftari la mapokezi kuendelea kutumika sambamba na mfumo: makundi mawili hupewa muda mmoja, na mara nyingi mgeni ndiye anayerudishwa. Daftari lifungwe siku ileile mfumo unapoanza. Makundi yaachane dakika 10 hivi. Yakibanwa zaidi, foleni huanza kwenye shimo fupi la kwanza na haiishi tena.

Mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Jioni zitengewe mashimo 9. Matokeo yake yanakubalika katika Mfumo wa Handikapu wa Dunia ulioanza 2020: jumla ya mashimo 54, kwa raundi za 9 au 18, inatosha kupata handikapu ya kwanza, yaani namba inayoonesha kiwango cha mchezaji. Anayeanza aelezwe hivyo mapema, apate lengo la karibu.

Kuhusu mitambo, chumba cha gofu ya skrini ni kile ambamo mpira hupigwa kuelekea skrini na kifaa hupima unavyoruka. Dari iwe na mita 3, upana 4.5 na kina kama 6. Upana ukipungua, mpiga mashoto hana pa kusimama. Kifaa cha rada hukaa nyuma ya mpira na huhitaji nafasi ya kuuona ukiruka. Cha kamera hukaa ubavuni, hivyo kinafaa chumba kifupi.

Vipima umbali vinaruhusiwa na kanuni tangu 2019, isipokuwa klabu ikivikataza. Kupima mwinuko hakuruhusiwi, kwa hiyo sehemu hiyo ya kifaa izimwe. Klabu zinazozuia simu uwanjani zinawanyima vijana ramani na kadi yao ya alama. Inatosha kuzima mlio na kutozungumza karibu na grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo.

Kamati inaomba mkutano uridhie mambo mawili: jioni za mashimo 9, na kufungwa kwa madaftari ya mapokezi.

Mwenyekiti