Yah: Bomba la Kuchanganya Lisilochanganya

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mabomba na Masinki,
Uingereza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakala ya Kiingereza imeambatanishwa, ila ile imepunguzwa makali.

Beseni la kunawia la nyumba hii lilikuwa na mabomba mawili, kwa desturi ya nchi: la moto kushoto, la baridi kulia, yameachana kwa shibiri moja, na midomo yake mifupi imeukaribia ukingo kiasi kwamba kiganja hakipiti bila kukwaruza kauri. Mkono wa kushoto unaungua, wa kulia unakufa ganzi. Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba, mikono hawakuitaja. Ndipo tukaagiza kwenu bomba moja la kuchanganya. Mdomo ni mmoja, kweli. Ndani ya huo mdomo mmeweka ukuta.

Inameni mmulike kwa tochi. Mtaona vijia viwili vilivyotengwa mpaka nje kabisa. Maji ya moto yanashuka upande wake na ya baridi upande wake, kama mke na mume walionuniana wakapanda daladala moja, na hayasemezani mpaka yafike chini. Pitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia: kinatoka Tanga mwezi wa Februari, kinaingia Makete mwezi wa Julai.

Sababu ya ukuta tunaijua, na zamani ilikuwa na maana. Maji baridi yalitoka bomba kuu la mtaa, safi ya kunywa. Ya moto yalianzia tangi la darini, ambalo mfuniko ukisogea, panya au njiwa huzama humo bila taarifa. Presha nazo hazikulingana. Kila mita 10 za kimo huleta presha ya baa 1, hivyo tangi lililo mita 3 juu ya bomba linatoa baa 0.3 tu, nalo bomba kuu linakuja na baa 1 au zaidi. Yakikutana ndani ya bomba, baridi inausukuma moto urudi ulikotoka. Na siku presha ya mtaa ikianguka, maji ya njiwa yanaweza kunyonywa hadi kwenye ya kunywa. Ndiyo maana kanuni za maji za mwaka 1999 hazitaki mchezo na maji yanayorudi nyuma. Hapo hatubishi.

Lakini nyumba hii haina tangi. Ina boila ya kombi, ambayo hupasha maji ya bomba kuu yakiwa njiani. Moto na baridi ni ndugu wa tumbo moja, presha ni ileile, na hayo tuliyaandika kwenye oda. Ukuta unamlinda nani?

Jibu lenu la kwanza lilishauri tuzibe beseni kwa kizibo, tujaze, tukoroge, ndipo tunawe. Yaani tunawe kwenye uchafu wetu wenyewe! Kwetu pwani mgeni hunawishwa kwa birika, maji yakimiminika, na kazi ya beseni ni kupokea yaliyochafuka. Anayetaka kutawadha naye akoroge?

Shauri la pili, kufungua moto kidogo tu, ni baya zaidi. Mtiririko ukishuka chini ya lita 2 hivi kwa dakika, boila nyingi za kombi huzima. Basi unapata baridi, unaongeza, bado baridi, unaongeza tena, boila inawaka, unaruka.

Tunataka bomba linalochanganya ndani ya mwili wake, lenye vali za kuzuia maji kurudi pande zote mbili, na chini ya beseni vali ya kudhibiti joto iliyowekwa nyuzi 41. Beseni lina matundu mawili, kwa hiyo leteni la daraja kama hili, yaani lenye miguu miwili na mdomo mmoja katikati. Maungio yawe nusu inchi. Ya robo tatu ni ya bafu la kulala, msije mkatuletea hayo mkadai tumekosea kupima. Fundi aliyefunga hana kosa, alifunga alichopewa.

Mabomba ya zamani tumeyatunza kwenye boksi. Zikipita siku 14 bila jibu tutayarudisha mahali pake, maana yale angalau hayakujifanya yameoana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wapangaji, ghorofa ya pili