Usiizike bado

Mkomani, Lamu

Ndugu yangu Athman,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, hofu ni kwenu huko Malindi. Barua yako nimeipata, na neno moja limenikaa moyoni: eti supasimetria, ile nadharia isemayo kila chembe ina pacha wake mzito, imekufa tuizike, kwa kuwa LHC, mashine ya kugonganisha chembe kule CERN, Uswisi, haijaona hata moja ya zile pacha tulizoahidiwa. Mimi sikubali.

Chukua karatasi ya grafu, kama nilivyofanya na vijana wangu wa kidato cha nne hapa barazani baada ya alasiri. Gawanya 1 kwa nguvu ya kila kani, kwenye nishati ya gigaelektronivolti 91 (kipimo cha nishati ya chembe), pale LEP, mashine ya CERN iliyotangulia LHC, ilipopima kwa makini kuanzia 1989. Kani ya haipachaji, nduguye sumaku-umeme, ukishairekebisha kwa 5/3 kama unavyotaka mpango wa Georgi na Glashow wa 1974 wa kuunganisha kani tatu kuwa moja, inatoa 59. Kani dhaifu, ya mionzi ya beta, 29.6. Kani kali, inayoshika kiini cha atomu, 8.5. Sasa panda nishati, ukichora mstari mmoja kwa kila kani; zikiwa ni kani moja kwa asili, mistari yote mitatu lazima ikutane mahali pamoja. Namba hizi hazitulii, maana utupu wenyewe umejaa chembe zinazozuka na kutoweka, na kila aina ya chembe ina mchango wake katika mwinamo wa mstari.

Kwa chembe tunazozijua tu, mistari miwili ya mwanzo inakutana kwenye 42, na ule wa tatu uko 37. Zimepishana mbali. Ongeza pacha za supasimetria uone: 24.4, 24.4, 24.3! Zote mahali pamoja, karibu na gigaelektronivolti 2×10¹⁶. Kijana mmoja alirudia hesabu nzima peke yake kwa kutoniamini, akapata hayo hayo. Na kumbuka Dimopoulos, Raby na Wilczek waliliandika jambo hili 1981, LEP haijawashwa.

Utaniambia pacha hazionekani. Sawa, zisukume juu hadi gigaelektronivolti 10,000, nje ya uwezo wa LHC. Mistari inakwenda kwa logarithimu, kwa hiyo haishtuki sana: kwa hesabu ya daraja la kwanza, yaani ya makadirio, napata 27.7, 27.7 na 26.6. Kasoro ipo, lakini ni ndogo mno ukilinganisha na ile ya 42 na 37. Ukimya wa LHC umeumiza matumaini ya pacha nyepesi, hilo nakupa. Muungano wa kani haujaguswa.

Kinachonitia wasiwasi ni protoni. Kani zikiwa kitu kimoja, basi kwaki, chembe zinazounda protoni, zinaweza kugeuka kuwa chembe za jamii ya elektroni, na protoni siku moja ivunjike. Mpango wa Georgi na Glashow, usio na pacha, uliangukia hapo miaka ya 1980. Super-Kamiokande kule Japani, tani 50,000 za maji chini ya mlima, imengoja na haijaona hata moja ikivunjika. Kwa njia ya kuvunjika kuwa pozitroni na pioni (chembe nyepesi zaidi), umri wa protoni umeshapita miaka 10³⁴. Pacha zinapendelea njia nyingine, ya kaoni na nyutrino, na hapo ndipo ninapotaka tuangalie. Hyper-Kamiokande inayojengwa sasa ndiyo hakimu wangu.

Nawe fanya hesabu ukizifanya nzito pacha za skala peke yake (zisizo na spini, kama pacha za kwaki na elektroni), nyingine ziache nyepesi. Niandikie umepata ngapi kabla hujaniambia tena habari za mazishi. Nisalimie mama na watoto.

Nduguyo,
Shee