Barua kwa mwanangu: matundu yale si matupu

Mwanangu mpendwa,

Jana kwenye simu uliniambia umekata kipande cha ubongo wa panya, ukaona "matundu matupu" katikati, ukasogeza hadubini pembeni kutafuta niuroni, yaani seli za neva. Neno hilo "matupu" limeninyima usingizi. Rudi hapo ulipopita, maana ndipo ubongo ulipoanzia.

Mimba ya panya mdogo wa maabara huchukua siku 19 hadi 20. Kwenye siku ya 9 hivi mrija wa neva, ambao ndio chanzo cha ubongo, unakuwa unajifunga, na uwazi uliobaki ndani yake ndio utakaokuwa ventrikali, yaani vyumba vya maji vya ubongo, ndiyo matundu yako yale: mbili za ubavuni, ya tatu, na ya nne kule nyuma. Siku hizo ubongo karibu wote ni ukuta mwembamba uliozunguka maji.

Ukuta huo ndio ninaoupenda. Kila seli imejinyoosha kutoka ukingo wa ndani hadi wa nje, na kiini chake husafiri humo. Hunakili DNA kikiwa mbali na maji, kisha hushuka hadi ukingoni mwa ventrikali, seli ikagawanyika hapo, halafu viini vipya hupanda tena. Kwenye kipande kilichokaushwa mwendo huo hauonekani. Utaona viini vimetapakaa kimo hiki na kile, udhani seli zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Mtafiti F. C. Sauer alitambua mwaka 1935 kwamba viini vinahama, naye alikuwa na vipande vilivyotulia tu mbele yake! Kila nikikumbuka hilo namheshimu upya.

Baadaye seli hizo huwa glia za miale, seli saidizi zilizonyooka kama miale, na niuroni changa huparamia nyuzi zake ndefu kwenda juu, kwenye gamba la ubongo.

Seli za ependima, zinazotandaza ukuta wa ventrikali kwa panya mkubwa, ni watoto wa glia hizohizo. Nyingi huzaliwa kati ya siku ya 14 na ya 16 ya mimba, lakini vinyweleo vyao huota baada ya panya kuzaliwa. Vikichapa kwa pamoja, husukuma kiowevu cha ubongo. Panya ambao vinyweleo hivyo vina hitilafu hujaa maji kichwani, na ventrikali zao hutanuka vibaya.

Tena si glia zote zinazogeuka. Chache hubaki seli shina, zinazoweza kuzaa seli mpya, ukutani mwa ventrikali za ubavuni, kila ncha imezungukwa na ependima kama petali za ua. Panya akiwa mtu mzima bado hutoa niuroni changa, nazo husafiri kwa misururu hadi sehemu ya kunusia, mbele kabisa. Mtafiti Joseph Altman aliandika juu ya niuroni mpya za panya wakubwa miaka ya 1960, na wengi hawakumsadiki kwa muda mrefu.

Basi kata kipande kingine, cha kiinitete cha siku ya 13. Kaa ukingoni mwa maji. Ukikiona kiini kinachogawanyika, nipigie, hata iwe usiku wa manane.

Mama yako